Faili Lina Mwenyewe: Mhadhara Kuhusu Folda za Pamoja Kwenye Kompyuta ya Nyumbani



Nimeombwa nizungumzie folda za pamoja. Kompyuta ni moja, iko sebuleni. Watumiaji ni watatu au wanne, kila mmoja ana akaunti yake na nywila yake, na kuna folda moja ambayo wote wanatakiwa kuifungua. Jambo hili ni dogo mpaka siku linapogoma. Likishagoma, nyumba nyingi hushika moja ya njia tatu. Ama wote wanahamia kwenye akaunti ya baba, ama kila mtu anapewa madaraka ya msimamizi, ama fundi anaitwa naye anapiga Windows upya. Njia zote tatu huondoa kelele kwa muda, na zote tatu ni mbaya. Nitaeleza kwa nini. Ila kabla ya kufika huko nawaomba mshike swali moja, maana karibu kila kero ya namna hii hufumbuka kwalo na ni wachache wanaoliuliza: faili hili limefikaje hapa?

Hebu tuchukue nyumba ya kawaida. Kompyuta ina Windows 10 au 11. Mama ametumiwa picha za harusi ya mdogo wake, akazipanga vizuri kwenye folda aliyoiita Harusi, ndani ya folda ya picha ya akaunti yake. Binti yake anazitaka. Mama anajua kwamba kuna folda inaitwa Public na kwamba ni ya watu wote wa kompyuta ile, kwa hiyo anaikata folda ya Harusi kutoka kwake, anaibandika Public, anafunga akaunti na kwenda jikoni. Jioni binti anaingia kwa akaunti yake.

"Mama, picha za harusi ya mama mdogo mbona hazifunguki?"

"Ziko Public, mwanangu. Tazama vizuri."

"Folda naiona. Nikiibofya inasema sina ruhusa."

"Labda imeharibika. Mwite kaka yako."

Kaka anakuja na akaunti yake, ambayo ni ya msimamizi. Anabofya. Windows inamwambia kwamba kwa sasa hana ruhusa, na kwamba akibonyeza "Continue" ataipata moja kwa moja. Anabonyeza, picha zinafunguka, anacheka, anasema kompyuta haina tatizo lolote, tatizo ni dada. Dada anarudi kwenye akaunti yake. Bado hazifunguki.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Folda ya Public kweli ni ya wote, binti kweli hana ruhusa, na kwa kaka kweli zinafunguka. Kinachowachanganya ni picha tuliyonayo vichwani kwamba folda ni chumba: ukishaweka kitu ndani ya chumba cha wageni, mgeni akiingia anakikuta na anakishika. Kompyuta haifanyi hivyo. Kwenye diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS, ambao ndio Windows inautumia kwenye diski yake kuu, kila faili na kila folda ina orodha yake yenyewe. Orodha hiyo imeandikwa mmiliki ni nani, nani anaruhusiwa kusoma, nani kubadilisha, nani kufuta.

Orodha hiyo inatoka wapi? Faili linapozaliwa ndani ya folda, hurithi orodha ya folda hiyo. Ukilinakili na kuibandika nakala mahali pengine, nakala ni faili jipya, limezaliwa kule kulikobandikwa, kwa hiyo linarithi ya kule. Lakini ukilikata na kulihamisha ndani ya sehemu ileile ya diski, hakuna kilichozaliwa. Data haikusogea hata kidogo, kilichobadilika ni anwani tu kwenye jedwali la diski. Ndiyo maana folda ya gigabaiti 30 huhama kwa kufumba na kufumbua. Na orodha ya ruhusa nayo inaweza kubaki ileile ya kule ilikotoka. Hutegemea toleo la Windows na njia uliyotumia kuhamisha. Folda ya Harusi ilitoka nyumbani kwa mama, mahali ambapo orodha ina mama, wasimamizi na mfumo wenyewe, basi. Imehamia Public na orodha hiyo hiyo mkononi.

Mama huyo huyo angekuwa amehamisha folda kutoka C: kwenda D:, tatizo lisingetokea, kwa sababu kati ya sehemu mbili za diski hakuna kuhama: Windows hunakili kule, kisha hufuta huku. Kitendo kimoja, matokeo mawili. Nimeshasikia watu wazima wakisema kompyuta fulani ina mashetani, na siwalaumu sana.

Sasa tumtazame kaka na kitufe chake. Alipobonyeza "Continue" hakuifungulia nyumba folda ile. Aliandika jina lake kwenye orodha, na litabaki hapo mpaka mtu alifute. Sasa orodha ina mama, wasimamizi, mfumo na kaka. Binti bado yuko nje, na mbaya zaidi, shahidi pekee anayeaminika nyumbani kwa mambo ya kompyuta anaapa kwamba kila kitu kiko sawa. Kanuni ya kwanza ya uchunguzi inatokea hapo: msimamizi hapimi ruhusa ya mtu mwingine kwa akaunti yake mwenyewe. Ingia kwa akaunti ya anayelalamika, ujaribu ukiwa humo.

Nimesema kaka aliandika jina lake. Kwa usahihi, Windows haikuandika jina. Iliandika namba. Kila akaunti hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ikifuatiwa na tarakimu za kompyuta yenyewe, na mwishoni kitu kama 1001 au 1002. Jina unaloliona kwenye skrini ni la kukusaidia wewe tu. Ukibadilisha jina la akaunti kutoka "Mama" kuwa "Bibi Harusi", namba haibadiliki na mafaili yanaendelea kufunguka. Ukiifuta akaunti na kuiunda upya kwa jina lilelile, nywila ileile, hata picha ileile, umeunda mtu mwingine.

Hapa ndipo kupiga Windows upya kunapouma. Fundi mwangalifu anahamishia mafaili ya familia kwenye D: pamoja na orodha zake za ruhusa, anafomati C:, anaweka Windows mpya, anaunda akaunti kwa majina yaleyale. Mama anaingia, anafungua folda yake mwenyewe kwenye D:, anaambiwa hana ruhusa. Ukichungulia orodha ya folda hiyo, badala ya jina la mama utakuta akaunti isiyojulikana na ile namba ndefu, mabaki ya mtu ambaye mfumo mpya haujawahi kumwona. Linux nayo iko hivyo, ila namba zake ni fupi. Kwenye Ubuntu mtumiaji wa kwanza huwa 1000. Ukichukua diski ya nje iliyoandaliwa kwa mfumo wa Linux kutoka kompyuta ambayo 1000 ni mama, ukaichomeka kwenye kompyuta ambayo 1000 ni mwanafunzi wa jirani, huyo mwanafunzi ndiye mmiliki.

Mtu anaweza kuuliza, tabia hii ya kutoaminiana imeingiaje sebuleni? Jibu liko mbali kidogo na sebule.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mashine za IBM za wakati huo zilikuwa ghali mno kumwachia mtu mmoja, kwa hiyo CTSS iliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu na mafaili yake, kila mtu na nywila. Ni miongoni mwa mifumo ya mwanzo kabisa kutumia nywila kwenye kompyuta. Nywila ilikuwepo kwa sababu watumiaji hawakuwa familia, bali watafiti waliogombea saa za mashine. Haikupita muda, mwaka 1962, mwanafunzi wa uzamivu aliyeitwa Allan Scherr aliona muda aliopangiwa haumtoshi, akatafuta njia ya kuiamuru mashine ichapishe faili la nywila zote. Alikuja kuyasimulia mwenyewe miaka mingi baadaye.

Tukio ninalolipenda zaidi lilitokea baadaye katika miaka hiyohiyo ya 1960, na Corbató alilieleza katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing. Siku moja kila aliyeingia CTSS, badala ya kuona tangazo la siku, aliona nywila za watumiaji wote zikimiminika kwenye karatasi yake. Chanzo? Folda ya pamoja. Programu ya kuhariri iliandikwa kwa kudhani kwamba kwenye saraka moja kuna mtu mmoja, kwa hiyo ilitumia faili la muda lenye jina lilelile daima. Wasimamizi wa mfumo walikuwa wanashirikiana saraka moja. Mmoja alikuwa anahariri tangazo la siku, mwingine anahariri faili la nywila, na mafaili yao ya muda yakabadilishana nafasi. Hakuna mdukuzi aliyeingia. Watu waaminifu wawili, saraka moja, na programu iliyodhani mtumiaji ni mmoja.

Baada ya CTSS, MIT na washirika wake walijenga Multics, uliokuwa na orodha za ruhusa kwa kila faili. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, waliokuwa wameshiriki mradi huo, walianza Unix mwaka 1969, na humo orodha ndefu ikafupishwa mpaka ikabaki na makundi matatu: mwenyewe, kundi lake, na wengine. Kwa kila kundi kuna kusoma, kuandika na kutekeleza. Linux na Mac wamerithi hapo.

Kompyuta ya nyumbani haikuwa na haya. MS-DOS haikujua mmiliki. Windows 95 na 98 ziliuliza jina na nywila, lakini ukibonyeza "Cancel" uliingia vilevile. Wengi hapa mnakumbuka. Wakati huo huo Microsoft ilikuwa imemchukua Dave Cutler tangu 1988, mtu aliyetoka kwenye mashine za maofisi za kampuni ya DEC, na timu yake ikatoa Windows NT mwaka 1993, pamoja na NTFS na orodha zake. NT ilikuwa ya ofisi. Mwaka 2001 ikaja Windows XP, na kwa XP kiini kile cha ofisi kikaingia majumbani. Kwenye toleo la XP la nyumbani, Microsoft waliificha sehemu ya kurekebisha ruhusa. Ilibidi uiwashe kompyuta katika hali ya usalama ndipo uione. Kwa maoni yangu walikosea. Waliiletea familia kufuli la ofisi kisha wakaficha tundu la ufunguo, na tabia ya kuwapa watu wote usimamizi ilianzia hapo.

Tuirudie folda ya Harusi, tuiponye.

Njia nyepesi kuliko zote haihitaji amri yoyote. Mama, ambaye ndiye mmiliki, anaingia kwa akaunti yake. Anatengeneza folda mpya ndani ya Public, anafungua ile ya zamani, anachagua picha zote, ananakili, anabandika kwenye folda mpya. Akishahakikisha zimefika, anafuta ya zamani. Picha zimezaliwa upya Public na zimerithi ruhusa za Public. Mkiondoka na neno moja tu leo, liwe hili: kwenye folda ya pamoja, nakili, usikate.

Kama mafaili ni mengi mno, mama huyo huyo afungue dirisha la amri na kuandika:

icacls "C:\Users\Public\Harusi" /reset /T

Amri hiyo inafuta orodha za folda ile na kila kilichomo, halafu inaviacha virithi kutoka juu. Mmiliki ana haki ya kubadilisha orodha hata kama orodha yenyewe imemsahau, ndiyo maana nasema ifanyike kwenye akaunti ya mama. Pale ambapo mmiliki ni ile namba isiyojulikana, msimamizi aanze kwa takeown ili kuchukua umiliki, kisha aje kwenye icacls. Na mafundi, nawaomba: amri hizi zipewe folda ya familia tu. Mkizielekeza kwenye C: nzima au kwenye C:\Users nzima mtakuwa mmevuruga orodha ambazo Windows yenyewe inazitegemea, na kuzirudisha ni kazi ya siku nzima kama itawezekana. Jingine lenu: robocopy ikipewa /COPYALL hubeba orodha za zamani pamoja na mafaili. Kwa akiba ya ofisini ni sawa. Kwa kumhamishia mama picha zake kwenye kompyuta mpya, iacheni.

Kabla ya kuponya lakini, tuangalie. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, ingia sifa zake, kuna kichupo cha usalama na pembeni kuna kichupo cha kushea. Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni mtu kuhangaika kwenye kichupo cha kushea, akiweka alama na kuongeza majina, kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti kilekile mbele ya skrini ileile. Ruhusa za kushea ni za mtandao, zinamhusu anayekuja kutoka kompyuta nyingine. Aliyeingia kwenye kompyuta yenyewe na kupita C: hakutani nazo kabisa, anakutana na orodha ya usalama peke yake. Anayekuja kwa mtandao hukutana na zote mbili, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshika.

Kwenye kichupo cha usalama, soma kwanza. Nani mmiliki? Je, binti yumo, kwa jina lake au kupitia kundi la watumiaji? Je, folda inarithi kutoka juu au urithi umekatwa? Kuna mstari wowote wa kukataza? Mstari wa kukataza ndio unaowakamata wababa. Baba anataka kijana asifungue folda ya hesabu za duka, anakataza kundi la watumiaji wote, akidhani yeye kama msimamizi hayumo. Yumo. Kila aliyeingia kwenye kompyuta anahesabiwa ndani ya kundi hilo, na katazo lililoandikwa kwenye folda yenyewe hushinda ruhusa. Baba amejifungia nje na kijana wake. Asiyetakiwa usimwandike kabisa. Hiyo inatosha, hakuna haja ya kumkataza.

Upande wa pili kuna ugonjwa wa kumpa kila mtu kila kitu. Udhibiti kamili unamaanisha pia kubadilisha orodha yenyewe na kujitwalia umiliki. Mtoto wa miaka tisa hahitaji hayo ili atazame katuni. Ruhusa ya kurekebisha inatosha: kusoma, kuandika, kufuta. Na kumfanya kila mtu msimamizi ili picha zifunguke ni kumruhusu kila mtu aweke programu yoyote, pamoja na ile iliyokuja na mchezo wa bure. Akaunti moja kwa wote nayo inafuta kilichotufanya tuwe na akaunti: barua za mama, kazi za shule za binti, na benki ya baba kwenye kivinjari ambacho mtoto anakifungua.

Kama Public haikupendezi, tengeneza folda moja kwa moja kwenye C:, nje ya C:\Users, uiite Familia. Kwa kawaida folda mpya ya hapo hufunguka kwa akaunti zote za kompyuta hiyo bila kugusa kitu. Mimi naipendelea kuliko Public kwa sababu tu haichanganywi na folda nyingine zenye majina yanayofanana.

Wenye Mac wana kero tofauti kidogo. Kwao folda ya wote ni /Users/Shared, na yeyote anaweza kuweka kitu humo. Faili alilolitengeneza mama hapo, binti analisoma, lakini akilirekebisha na kutaka kuhifadhi anakataliwa, na hawezi kulifuta pia, kwa sababu folda ile imewekewa alama kwamba kila mtu afute cha kwake tu. Ruhusa za kawaida za Mac humpa mwenyewe kuandika, wengine kusoma. Kwa picha inatosha. Kwa bajeti ya nyumba inayoandikwa na watu wawili haitoshi. Inabidi folda iongezewe kanuni inayorithiwa ya kuruhusu kundi la watumiaji, ambalo kwenye Mac huitwa staff, kuandika. Kwenye diski ya nje, Mac ina alama ya kupuuza umiliki, na kwa maktaba ya picha ya familia hiyo ndiyo dawa fupi.

Kwenye Linux, tengeneza kundi, tuseme familia, weka folda nje ya nyumba za watumiaji, kwa mfano /srv/familia, ulikabidhi kundi hilo, kisha uipe 2775. Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya mafaili yanayozaliwa humo yawe ya kundi la familia badala ya kundi la aliyeyatengeneza. Angalia pia umask isiwanyime wenzako kuandika. Na msiiweke ndani ya /home ya mtu mmoja. Tangu Ubuntu 21.04 nyumba mpya ya mtumiaji hufungwa kwa wengine, na Linux hudai ruhusa ya kupita kwenye kila folda ya njiani, hata kama folda ya mwisho iko wazi kabisa. Faili lililohamishwa kwa mv nalo huja na kundi lake la zamani. Swali ni lilelile.

Kuna kero nyingine zinazovaa sura ya ruhusa na si ruhusa. Binti anafungua waraka, anaambiwa unatumiwa na mama. Mama yuko kazini. Huenda mama aliacha akaunti yake wazi, binti akabadilisha mtumiaji bila kuizima, na Word ya mama bado iko hai nyuma ya pazia. Au umeme ulikatika, LUKU imeisha, na kompyuta ikazimika na faili dogo la kufunga likabaki. Word hulipa jina linaloanza na ~$, LibreOffice huanza na .~lock. Ni mafaili ya kujificha, yanaishi pembeni ya waraka wenyewe. Ukishahakikisha hakuna mwingine aliyeufungua, lifute, na waraka utafunguka. Kufuli hizo zinaudhi, lakini ni kinga dhidi ya ajali ya aina ileile iliyowapata wale wasimamizi wa CTSS.

Kero nyingine inatoka mawinguni. OneDrive hupenda kuhamishia kwake folda za nyaraka na picha, kisha ikaacha kwenye diski majina tu, mafaili yenyewe yakibaki kwenye intaneti. Mama akiyabofya yanashuka, maana OneDrive yake inafanya kazi. Binti akipewa ruhusa zote za dunia bado anaweza kupata kosa 0x8007016A, likisema mtoa mafaili ya wingu hafanyi kazi. Hapo hakuna orodha ya kurekebisha. Mama ayashushe mafaili yabaki kwenye kompyuta, kisha anakili kwenye folda ya familia.

Na kuna flashi. Najua nyumba nyingi zinahamisha picha kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwa flashi ndani ya kompyuta ileile. Inafanya kazi kwa sababu flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haiandiki mmiliki popote. Sina ugomvi nayo, ila FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video nzima ya harusi mara nyingi inazidi hapo. Watu hudhani flashi imejaa.

Nimalizie na usimbaji, maana hapo umiliki hauchezewi. Matoleo ya Windows ya kitaaluma yana uwezo wa kusimba faili moja moja kwa ufunguo wa akaunti. Faili lililosimbwa hivyo, hata msimamizi akilichukua umiliki na kujipa udhibiti kamili, halimfungukii. Na msimamizi akiibadilisha kwa nguvu nywila ya akaunti ya humo kwenye kompyuta, hata mwenyewe anaweza kuyapoteza mafaili hayo. Kwa hiyo kijana asitumwe "kureseti" nywila ya baba kabla ya kujua kama kuna kilichosimbwa.

Zaidi ya hapo, kompyuta nyingi mpya za Windows 11 husimba diski nzima zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kumuuliza sana. Siku ubao mama ukifa na diski ikahamishiwa kwenye mashine nyingine, utadaiwa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta. Kwenye nyumba nyingi huyo si baba wala mama. Ni kijana aliyesafiri kwenda chuo, au ni muuzaji wa dukani aliyewasaidia kuiwasha. Leo mkifika nyumbani, fungueni mipangilio ya faragha na usalama, tafuteni usimbaji wa kifaa, mwone umewashwa au la na ufunguo uko kwa nani. Uchapisheni kwenye karatasi, muandike ni wa kompyuta ipi, muuweke pamoja na hati za nyumba.